Kusikiliza na Kuuliza: Mwongozo wa Mihadhara ya Wazi ya Kituo cha Masomo ya Marekani, Heidelberg

Katika mji wa Heidelberg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kipo chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1386, na ndani yake kipo kituo ambacho kazi yake yote ni kuichunguza Marekani: historia yake, siasa zake, uchumi wake, dini zake na fasihi yake. Jina lake ni Heidelberg Center for American Studies, nao wenyeji hukitaja kwa herufi tatu tu, HCA. Vituo vya aina hii viko vingi nje ya Marekani. Berlin ina Taasisi ya John F. Kennedy ya Freie Universität, iliyoanzishwa mwaka 1963. Oxford ina Rothermere American Institute, iliyofunguliwa mwaka 2001. Na hapa barani kwetu ipo African Centre for the Study of the United States katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Nimeichagua Heidelberg kwa sababu mihadhara yake ya wazi huendelea muhula hadi muhula, na pia kwa sababu ya mtu mmoja, James W. C. Pennington, ambaye habari zake zitakuja mahali pake.

Mwongozo huu unamhusu mwanafunzi, mtafiti au mkazi yeyote kutoka Afrika Mashariki anayeishi Ujerumani, ambaye amepita mbele ya tangazo la mhadhara mara nyingi akidhani kwamba ni shughuli ya maprofesa na wageni wao. Sivyo. Neno "wazi" katika tangazo lina maana yake kamili: mwenye nafasi ya kufika anakaribishwa, awe na shahada au asiwe nayo, awe mwanafunzi wa uhandisi au muuguzi wa zamu ya usiku. Nimewaona wenzetu wengi wakikaa miaka minne katika miji ya vyuo bila kuingia hata mara moja, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Hatua ya kwanza: Fahamu nani anaandaa nini

Heidelberg kuna nyumba mbili zenye jina la Marekani, na mgeni huzichanganya kwa urahisi. Ya kwanza ni HCA yenyewe, iliyo katika jengo la kale la namba 120, Hauptstraße, linaloitwa Curt und Heidemarie Engelhorn Palais kwa heshima ya wafadhili waliokiwezesha kituo kupata makao yake. Hii ni nyumba ya chuo kikuu. Ya pili ni Taasisi ya Kijerumani na Kimarekani, DAI, iliyoko Sofienstraße, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1946, Wamarekani walipokuwa wameikalia sehemu hii ya Ujerumani baada ya vita. DAI si sehemu ya chuo kikuu. Ina maktaba, muziki, waandishi wanaosoma kazi zao, na shughuli zake nyingi huuziwa tiketi. Mihadhara ya HCA, kwa kawaida, haina kiingilio. Kwa hiyo ukisikia kuna mhadhara kuhusu Marekani, uliza kwanza ni wa nyumba ipi, kwa kuwa anwani, gharama na hata hadhira hutofautiana, ingawa mara nyingine nyumba hizi mbili hushirikiana.

Ndani ya shughuli za HCA penyewe, tenga zilizo za umma na zisizo za umma. Ya umma kuliko zote ni Semina ya Baden-Württemberg (jina la jimbo ulipo mji wa Heidelberg), ambayo katika kila muhula huwaalika wanazuoni, waandishi wa habari, waandishi wa vitabu na wataalamu wa sera kutoka Marekani ili wazungumze na watu wa jimbo hili. Zingatia neno "jimbo", kwa maana semina hii hufanywa pamoja na taasisi washirika na hutembea mji hadi mji. Mzungumzaji aliye kwenye orodha ya Heidelberg anaweza kuwa anazungumza mahali kwingine kabisa. Wapo waliokwenda Hauptstraße wakakuta mlango umefungwa kwa sababu walisoma jina la mzungumzaji na tarehe, wasisome mahali. Zaidi ya semina hiyo kuna uzinduzi wa vitabu, mijadala ya jopo wakati wa uchaguzi, na mhadhara unaoambatana na Tuzo ya Pennington. Shughuli zisizo za umma ni kama Spring Academy, ambayo ni wiki ya watafiti wa shahada ya uzamivu waliochaguliwa kwa maombi, pamoja na madarasa ya kawaida ya wanafunzi. Ikiwa tangazo halisemi wazi kwamba umma umealikwa, andika barua pepe ya sentensi mbili kuuliza.

Hatua ya pili: Soma ratiba, kisha soma saa kwa makini

Ratiba hufuata mihula ya vyuo vya Ujerumani. Masomo ya muhula wa kipupwe huanza katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Februari, na ya muhula wa kiangazi huanza katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Julai. Agosti na Septemba usitarajie mengi. Jiandikishe kupokea jarida la kituo kwa barua pepe, halafu mwanzoni mwa muhula kaa na kalenda yako, uchague mihadhara miwili au mitatu inayokugusa kweli. Atakayejipangia kuhudhuria yote ataacha yote kufikia wiki ya nne.

Saa nayo ina mtego wake. Vyuo vya Ujerumani bado vinatumia vifupisho viwili vya Kilatini baada ya saa. Ukiona "18 c.t.", mhadhara utaanza saa kumi na mbili na robo jioni, kwa kuwa ile robo saa ni desturi ya zamani ya kumpa msomi muda wa kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine. Ukiona "18 s.t.", utaanza saa kumi na mbili kamili, bila kuongeza hata dakika. Pasipo na kifupisho chochote, chukulia kwamba ni saa kamili. Na ile robo saa isikufanye ufike dakika ya mwisho. Chumba kinapokuwa kidogo, ndiyo robo ambayo viti hujaa.

Hatua ya tatu: Jiandikishe, kisha fika

Mihadhara mingi haidai kujiandikisha, lakini ile ya wageni mashuhuri na mijadala ya uchaguzi inaweza kudai. Jina unaloandika liwe lile lile lililo kwenye kitambulisho chako, na ukiona huwezi kwenda, futa nafasi yako ili mwingine aipate.

Kutoka kituo kikuu cha treni, panda tramu au basi hadi Bismarckplatz. Hapo ndipo Hauptstraße inapoanza, barabara ndefu ya watembea kwa miguu inayopita katikati ya mji wa kale, nawe utatembea kwa muda wa dakika kumi hivi ukielekea upande wa Universitätsplatz. Namba za nyumba zimeandikwa ukutani. Wakati wa kipupwe giza huingia mapema na mawe ya barabara huteleza, basi vaa viatu vinavyoshika.

Hatua ya nne: Andaa swali lako kabla ya kutoka nyumbani

Hapa nitakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu hupotea. Tunakwenda kusikiliza, tunasikiliza vizuri, tunaandika kurasa tatu za daftari, kisha tunarudi nyumbani bila kufungua mdomo. Tunajiambia kwamba somo si letu, kwamba Kiingereza chetu kina lafudhi, kwamba waliokaa mbele wanajua zaidi.

Mfikirie Pennington. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland mwaka 1807, akafundishwa uhunzi, na mwaka 1827 akatoroka kwenda kaskazini. Alijisomesha. Katika miaka ya 1830 alitaka kusoma teolojia huko Yale, na jibu alilopewa lilikuwa hili: aliruhusiwa kukaa na kusikiliza mihadhara, lakini hakuandikishwa kuwa mwanafunzi, hakuruhusiwa kuzungumza darasani wala kuazima kitabu maktabani. Alisikiliza hivyo hivyo. Baadaye akawa mchungaji mjini Hartford, jimbo la Connecticut, akaandika vitabu, akavuka bahari kuhutubia mikutano ya kupinga utumwa na ya kutetea amani. Mwaka 1849 Chuo Kikuu cha Heidelberg kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari wa teolojia, ilhali kwa sheria za kwao alikuwa bado mali ya mtu. Uhuru wake ulinunuliwa mwaka 1851. Ndiyo maana leo HCA na Kitivo cha Teolojia cha chuo hicho hutoa tuzo kwa jina lake. Yale nayo ilimtunuku shahada mwaka 2023, zaidi ya miaka 150 baada ya kifo chake.

Kwa hiyo unapoingia katika mhadhara wa wazi na ukapewa kipaza sauti, unapewa kile kile alichonyimwa yeye. Usikirudishe bila kukitumia.

Sasa, swali linaandaliwaje? Soma maelezo mafupi ya mhadhara, kisha soma angalau makala moja ya mzungumzaji. Maktaba ya chuo itakusaidia, na waandishi wengi huwa na makala fupi zinazosomeka bure. Halafu jiulize: jambo hili limewahi kufika kwetu kwa njia gani? Usiharakishe kujibu kwamba halijafika. Historia ya pwani yetu na Marekani ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1833 Sayyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar, alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, aliwasili Zanzibar akiwa balozi mdogo wa nchi yake. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi ambacho mpaka leo Kiswahili kinakiita marekani. Kitambaa hicho kilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani kwa pamba iliyovunwa na watumwa wa kusini. Meli zilirudi na gundi ya sandarusi na meno ya tembo, na meno hayo yalikatwa kuwa vibao vya piano huko Deep River na Ivoryton, katika jimbo lile lile la Connecticut alikohubiri Pennington.

Tazama utajiri wa maswali uliopo hapo. Ikiwa mhadhara unahusu uchumi wa utumwa, unaweza kuuliza: "Pamba ya kusini iliuzwa Zanzibar kama kitambaa na kulipiwa kwa pembe zilizobebwa na wapagazi kutoka bara. Je, watafiti wa utumwa wa Marekani wanaihesabu Afrika Mashariki kuwa sehemu ya soko hilo, au wanaishia Liverpool, bandari ya pamba ya Uingereza?" Swali hilo ni fupi, lina ukweli ndani yake, na hakuna mwingine ukumbini atakayeliuliza. Ikiwa mada ni elimu na Vita Baridi, kumbuka safari za wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda vyuo vya Marekani zilizoanza mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya. Ikiwa mada ni ugaidi, tarehe 7 Agosti 1998, siku balozi za Marekani ziliposhambuliwa kwa mabomu, iko katika kumbukumbu ya Nairobi na Dar es Salaam, miaka mitatu kabla ya Septemba 2001. Ikiwa ni afya na misaada, PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza mwaka 2003, umegusa karibu kila kata unayoijua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wetu. Mzungumzaji aliyevuka Atlantiki kuja kuzungumza Ujerumani hakutarajia kukutana na msikilizaji anayeijua Marekani kwa upande wa Bagamoyo, na mara nyingi hufurahi sana.

Liandike swali lako kwenye karatasi. Lisome kwa sauti ukiwa chumbani, ukiangalia saa. Likizidi dakika moja, lipunguze.

Hatua ya tano: Ukiwa ukumbini

Zima simu. Kaa katikati au mbele, karibu na njia, ili mwenye kipaza sauti akuone. Lugha huwa ni Kiingereza kwa sehemu kubwa, ingawa baadhi ya shughuli ni za Kijerumani. Tangazo hulionyesha hilo, na kichwa cha mhadhara hukupa dalili.

Mhadhara ukimalizika, usishangae kusikia watu wakigonga meza kwa vifundo vya vidole badala ya kupiga makofi. Hiyo ndiyo shukrani ya kitaaluma ya Kijerumani. Fuata wanavyofanya walio karibu nawe: penye meza hugongwa, pasipo na meza hupigwa makofi.

Kipindi cha maswali kikifunguliwa, nyoosha mkono mapema. Ukisubiri wa kwanza watatu waishe, muda utakuwa umekwisha nao. Ukipewa nafasi, simama ikiwa chumba ni kikubwa, taja jina lako na unachosoma au kazi unayofanya, shukuru kwa sentensi moja, kisha uliza. Jambo hili la mwisho linahitaji mazoezi kwetu sisi tuliokulia katika mikutano ambamo mtu huanza kwa kuitambua meza kuu, mheshimiwa mwenyekiti na wageni waalikwa, na hata anayefupisha husema itifaki imezingatiwa. Ni heshima nzuri na siibezi, lakini katika ukumbi wa Heidelberg heshima hupimwa kwa kulinda muda wa wengine. Mwite mzungumzaji kwa cheo chake na jina la ukoo. Uliza swali moja. Ukiwa na mawili, bakiza la pili kwa ajili ya hatua inayofuata.

Ikiwa hukubaliani na mzungumzaji, sema hivyo kwa adabu, na utaje sehemu ya hotuba yake unayoizungumzia, kwa sababu kumpinga mtu kwa jambo ambalo hakulisema ni kumvunjia heshima na ni kupoteza nafasi. Epuka pia kutoa hotuba yako mwenyewe ukaimalizia kwa alama ya kuuliza. Mwongoza mjadala atakukatiza, na swali lako zuri litazama ndani ya maelezo.

Hatua ya sita: Tafrija na barua

Baada ya baadhi ya mihadhara kuna tafrija fupi, yenye mikate, divai, maji na maji ya matunda. Asiyekunywa pombe achukue maji bila kueleza sababu, na asiyekula nguruwe aulize kilichomo ndani ya mkate, kwa kuwa ni swali la kawaida kabisa huko. Hapa ndipo swali la pili linapopata nafasi yake. Mzungumzaji huzungukwa na watu. Subiri zamu, jitambulishe tena, uliza, kisha umwachie nafasi mwingine. Kama mmezungumza vizuri, omba ruhusa ya kumwandikia.

Barua hiyo iandike ndani ya siku mbili tatu, iwe ya aya moja. Taja mhadhara, taja swali ulilouliza, na uombe jambo moja mahususi: makala aliyoitaja, jina la kumbukumbu ya nyaraka aliyoitumia, au mtafiti mwingine anayeshughulikia mada hiyo. Barua za kuomba ufadhili au nafasi ya masomo zina wakati wake na si huu. Nimeona urafiki wa kitaaluma wa miaka mingi ukianzia kwenye barua fupi ya kuuliza kuhusu daftari la mizigo ya meli moja.

Hatua ya saba: Ukiwa mbali na Heidelberg

Baadhi ya mihadhara hurushwa kupitia intaneti, na kwa aliye Mombasa, Bukavu au Muscat tatizo kubwa ni kulinganisha saa. Afrika Mashariki haibadilishi saa, Ujerumani hubadilisha mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwa hiyo mhadhara wa saa 18:15 mwezi Mei utausikia Dar es Salaam saa moja na robo usiku, na mhadhara wa saa ile ile mwezi Novemba utausikia saa mbili na robo. Bukavu wako nyuma ya Dar es Salaam kwa saa moja. Muscat wako mbele kwa saa moja. Iwapo mzungumzaji yuko Marekani, kuwa mwangalifu zaidi katika mwezi wa Machi, kwa sababu nchi yake hubadilisha saa Jumapili ya pili ya mwezi huo, wiki mbili au tatu kabla ya Ulaya, na katika kipindi hicho tofauti ya New York na Heidelberg huwa saa tano badala ya sita.

Wanaofuatilia usiku wa uchaguzi wa Marekani, ambao vituo vingi vya aina hii huuandalia mjadala, wajue kwamba kura hupigwa Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026, katika uchaguzi wa Bunge, siku hiyo ni tarehe 3. Vituo vya kura vya Virginia na Georgia hufungwa saa moja jioni kwa saa za huko, ambayo ni saa saba usiku Heidelberg na saa tisa usiku Nairobi. Lala mapema, uamke. Ukiwa kwenye mtandao, andika swali lako katika kisanduku cha maswali mwanzoni mwa kipindi, pamoja na jina lako na mji uliopo, kwa kuwa mwongoza mjadala akiona "Tanga" au "Kisumu" mara nyingi hulichukua swali hilo kwanza.